HASARA ISIYOONEKANA: JINSI MARADHI YANAVYOKULA MWILI WA MWANACHAMA

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi waliokutana Ras Kisimani, Mafia. Inachapishwa kwa faida ya vyama ambavyo havikuweza kuhudhuria.)



Katika ratiba ya semina hii nimepangiwa kusema juu ya ukaguzi wa mali ya chama, na kazi hiyo nitaifanya mchana. Asubuhi hii kamati ya matayarisho imenitaka nianze na mali moja isiyoandikwa katika leja yoyote, nayo ni mwili wa mwanachama. Mnazi haukwewi na katiba ya chama. Hukwewa na mtu mwenye miguu mizima, na mbata haifiki ghalani ila kwa mgongo wa mtu. Mwili huo ukiharibika, hesabu zetu zote zimeharibika.

Mimi si tabibu. Nina elimu ya sekondari na mazoea ya kazi ya ukaguzi, na haya nitakayoyasema nimeyasoma na kuwauliza wenye taaluma yao. Nitayaeleza kwa lugha ya hesabu, kwa kuwa ndiyo lugha tunayoijua sote hapa. Neno langu kubwa ni moja: maradhi mengi huanza kula mwili muda mrefu kabla mwenye mwili hajahisi kitu, na zipo hasara ambazo mwili huweza kuzilipa, na zipo ambazo hauwezi kuzilipa tena. Hizo za pili hazina dawa ila kuzuiwa mapema.

MWILI NI USHIRIKA

Miili yetu imejengwa kwa vitu vidogo mno vyenye uhai, viitwavyo seli. Jicho haliwezi kuziona bila hadubini. Seli zenye kazi moja hukusanyika zikafanya tishu, kama vile ya ngozi, ya misuli au ya ukuta wa mshipa. Na tishu mbalimbali hukusanyika zikafanya kiungo kizima, kama ini, moyo au figo. Kwa hiyo mwili umepangwa kama tulivyojipanga sisi: mwanachama, chama cha msingi na chama kikuu. Mwanachama mmoja akiondoka, chama hakifi. Wakiondoka wengi kwa pamoja, au akiondoka yule ambaye kazi yake hakuna mwingine aijuaye, chama kimeingia mashakani.

Seli hizi huishi ndani ya majimaji. Damu huziletea chakula na hewa ya oksijeni, na sehemu ya maji yake huvuja katika mishipa midogo ikazinywesha. Maji mengi hurudi katika damu, lakini mengine hubaki nyuma. Hayo yaliyobaki, yapatayo lita 2 hadi 4 kwa siku, hukusanywa na mishipa mingine myembamba iitwayo mishipa ya limfu. Mishipa hiyo huyapitisha katika tezi, ambamo seli nyeupe, askari wa mwili, hukagua kama mna vijidudu; kisha huyarudisha katika damu karibu na moyo. Ndani yake mna milango midogo ifungukayo upande mmoja tu, ili maji ya mguuni yapande juu yasirudi chini. Naomba muikumbuke milango hiyo, maana nitairudia.

HASARA INAYOLIPIKA

Chukueni kwanza malaria, ambayo hakuna nyumba isiyoijua. Mbu aina ya anofelesi akimwuma mtu humtilia vimelea katika damu. Vimelea hivyo huingia kwanza katika seli za ini, na huko hukaa kama juma moja vikizaana. Kimelea kimoja huweza kutoa maelfu, na muda wote huo mtu hajui lolote; yuko shambani au yuko baharini. Kisha vimelea hutoka na kuingia katika seli nyekundu za damu, vikala ile rangi yake ichukuayo oksijeni, vikazaana tena. Na katika malaria hii yetu kali, kila baada ya saa 48 hivi seli hupasuka na kumwaga vimelea vipya vinavyotafuta seli nyingine. Homa na kutetemeka ndiyo kelele za kupasuka huko.

Hasara hii ni kubwa, lakini kwa mtu anayetibiwa mapema hulipika. Seli nyekundu kwa desturi huishi siku zipatazo 120 tu, na uboho wa mifupa hutengeneza nyingine kila siku. Ni kama chama kilichopoteza magunia ya mbata kwa mvua: kina minazi, na msimu mwingine utakuja. Anayechelewa ndiye huvuka mpaka. Seli zilizoingiwa hunata katika kuta za mishipa midogo ya ubongo na kuzuia damu, na mtoto huanguka degedege akapoteza fahamu. Kwa mama mjamzito hujikusanya katika kondo la nyuma, na mtoto akazaliwa na uzito pungufu. Uboho hutengeneza damu, hautengenezi ubongo.

HASARA ISIYOLIPIKA

Sasa nije kwenye maradhi ambayo pwani yetu imeyajua tangu zama za mababu, yaani matende na mabusha. Chanzo chake ni mnyoo mwembamba kama uzi. Jike hufikia sentimita 8 hadi 10, na dume karibu nusu ya hapo. Mnyoo huyu hakai tumboni kama wengine. Makao yake ni mishipa ya limfu, hasa ya mapaja, kinena na korodani. Humo huishi miaka 6 hadi 8 akizaa watoto wasiohesabika. Watoto hao, wenye urefu wa karibu robo ya milimita, huzunguka katika damu ya ngozi usiku, saa zile mbu wanapouma, na mchana hujificha katika mishipa ya mapafu. Ndiyo maana wapimaji wa zamani walikuja kutafuta tone la damu usiku. Daktari Patrick Manson, aliyekuwa akifanya kazi China, alionyesha mwaka 1877 kwamba watoto hao wa mnyoo hukua ndani ya mbu. Hukomaa humo kwa siku 10 hadi 14 hivi, kisha huingia kwa mtu mwingine.

Ndani ya mbu watoto hao hukua tu, hawaongezeki. Kwa hiyo mtu hapati maradhi haya kwa kuumwa mara moja. Huyapata kwa kuumwa mara nyingi, miezi na miaka, na wengi huingiwa wangali watoto wadogo. Deni hili hukusanywa senti kwa senti.

Mnyoo akishakaa katika mshipa haumi, na hapo ndipo penye hila yake. Mshipa hupanuka kidogo kidogo, na ile milango niliyoitaja haikutani tena ili ifunge. Mtu anakwea, anavua, anaoa, hana habari. Mnyoo akifa, seli nyeupe huuzingira mzoga wake. Hapo huja maumivu na mtoki, na mahali pale hubaki kovu. Maji yaliyotakiwa kupanda hutuama katika tishu. Ndipo huja adui wa pili, nao ni bakteria wa kawaida wapenyao katika nyufa za baina ya vidole. Katika mguu wenye afya askari wangewawahi. Katika mguu uliojaa maji yaliyotuama hustawi. Mgonjwa hushikwa na homa, mguu hugeuka mwekundu na kuwaka moto kwa siku kadhaa, kisha hutulia. Lakini kila shambulio huacha kovu juu ya kovu, ngozi hunenepa na kukunjamana, na shambulio lijalo hupata njia nyepesi zaidi. Hivyo ndivyo tende linavyojengwa. Kwa mwanamume, maji hujikusanya katika mfuko unaozunguka korodani, nalo ndilo busha.

Ninyi wenyeji wa hapa hamhitaji mfano wa mbali. Mji wa kale wa Kisimani haukuanguka siku moja. Bahari iliula mchanga wa chini mwaka hadi mwaka, na ukuta uliosimama ulionekana mzima hata pale misingi yake ilipokuwa imebaki hewani. Mwenye kuutazama ukuta peke yake angesema nyumba ni salama. Vivyo hivyo mtu mwenye mnyoo hujitazama mguu akasema, mimi mzima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, ndugu zangu, hauna fundi wa kuurudisha kama ulivyokuwa.

MADAFU HAYANA KOSA

Kabla sijaendelea, nitoe neno moja kwa niaba ya zao letu. Wako wanaoamini kwamba busha huletwa na kunywa madafu mengi, ati maji ya dafu hushuka yakajaa chini. Maji ya dafu huingia tumboni, hunywewa na utumbo, na yaliyozidi hutoka kwa njia ya figo kama maji mengine yoyote. Hayana njia ya kuteremka katika mfuko wa korodani. Ikiwa palipo na minazi mingi pana mabusha mengi, ni kwa sababu pwani yenye joto na unyevu hustawisha minazi na mbu pamoja. Kumshitaki mnazi ni kumwacha mwizi akatembea.

KAZI YA DAWA NA MPAKA WAKE

Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuyatokomeza maradhi haya ulimwenguni. Mwaka huohuo Tanzania Bara ilianza kazi hiyo, na mahali palipotangulizwa ni hapa Mafia. Zanzibar ilianza mwaka 2001. Dawa zilizotumika ni mbili, ivermektini na albendazoli, nazo hutolewa bila malipo kwa kuwa watengenezaji wake wamezitoa kuwa msaada. Waliochangia ugunduzi uliozaa ivermektini, Satoshi Ōmura wa Japani na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015.

Yatupasa kusema kweli juu ya kazi ya dawa hizi, maana uvumi hustawi pale ambapo ukweli umesemwa nusu. Dawa huwaua watoto wa mnyoo walio katika damu, ili mbu akija asipate cha kuchukua. Mnyoo mkubwa mwenyewe huweza kusalia. Kwa sababu hiyo dawa hurudiwa mwaka hadi mwaka, mpaka wanyoo wazee wafe kwa uzee wao bila kuacha warithi. Dawa haiondoi busha, wala hairudishi milango ya mishipa iliyokwisha kuharibika.

Kutokana na hayo mtaona namna ya kuwajibu watu wa aina mbili. Wa kwanza husema, “Mimi siumwi, nimeze dawa ya nini?” Huyo ajibiwe kwamba wakati wa kumeza ndio huo, milango yake ingali inafunga, na kwamba huenda damu yake ndiyo ghala ambalo mbu huchukua mbegu ya kumpelekea mtoto wa jirani. Wa pili husema, “Nilimeza mwaka jana, na mguu uko vilevile.” Huyo ajibiwe kwamba dawa haikuahidi kulipa deni la zamani, iliahidi kuzuia deni jipya. Na wale wasemao kwamba dawa hii hupunguza nguvu za kiume au huzuia uzazi, waambiwe kwamba aliyewapunguzia wanaume wa pwani heshima zao ni mnyoo. Baadhi ya watu huumwa kichwa, huwashwa au hupata homa ndogo baada ya kumeza. Mara nyingi hiyo ni dalili ya watoto wa mnyoo wanaokufa, na hupita. Ikizidi, mtu aende kituo cha afya. Mama mjamzito, mtoto mdogo wa chini ya miaka 5 na mgonjwa mahututi hawapewi.

Baada ya miaka ya ugawaji, wataalamu huwapima watoto wa miaka 6 na 7. Hao walizaliwa dawa zikiwa zimeanza kutolewa, na damu yao husema kama mbu wangali wanaeneza. Huo ni ukaguzi kama ukaguzi wetu. Wazazi watoe watoto wapimwe, wala mtu asidhani kwamba kusimamishwa kwa ugawaji ni ruhusa ya kutupa chandarua.

MASHIMO YETU

Wazee waliopo wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana, na vyoo vya shimo vikachimbwa vijijini. Choo ni kinga ya kuhara na kipindupindu, wala hakuna wa kukibeza. Lakini shimo lililofikia maji na kuachwa wazi huwa kitalu cha mbu aitwaye kuleksi, ambaye ni mmoja wa wachukuzi wa mnyoo huyu. Anofelesi wa malaria naye humchukua.

Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1988 walijaribu jambo jepesi. Watu walipewa dawa, na juu ya maji ya mashimo ya vyoo zikamwagwa punje nyepesi za plastiki ya povu, ile ambayo hufungiwa bidhaa zisivunjike. Punje huelea zikafanya tandiko, mbu hapati pa kutagia, na viluwiluwi hukosa pumzi. Kabla ya hapo karibu nusu ya watu waliopimwa walikuwa na watoto wa mnyoo katika damu; baada ya miaka 5 walibaki wachache tu katika kila 100. Mahali pengine Zanzibar, ambapo dawa ilitolewa bila kushughulikia mashimo, maradhi yalianza kupanda tena. Fundisho ni wazi: ukiziba tundu moja la ghala lenye matundu mawili, panya hukushukuru.

Hata vifuu na makumbi tunayoyaacha nyuma ya maghala yetu hujaa maji ya mvua. Humo hutaga mbu wa jamii nyingine, aenezaye homa ya dengu. Huo si uchafu wa serikali. Ni wetu, na makatibu waujue.

WALIO NA MARADHI TAYARI

Katika chama kimoja nilichokikagua, ambacho sitakitaja, kamati ilikuwa imeandika pendekezo la kumfuta mzee mmoja kwa kutohudhuria mikutano mitatu mfululizo. Nilitazama leja. Hisa zake zilikuwa kamili, na nazi zake zilifika ghalani kila msimu kwa mkono wa mwanawe. Nilipozidi kuuliza, katibu aliniita pembeni akasema kwa sauti ya chini kwamba mzee ana busha kubwa, anaona haya kukaa mbele za watu, na hata msikitini amekoma kwenda. Kamati ililiondoa pendekezo. Wenziwe wawili wakafuatana naye hospitali, akapasuliwa. Katika mkutano mkuu uliofuata alikaa mstari wa mbele, akauliza juu ya matumizi ya usafiri maswali ambayo kamati ilipata taabu kuyajibu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Busha hupasuliwa hospitali, na aliyefanyiwa hurudi kazini baada ya kupona jeraha. Tende haliondoki kwa kisu, lakini mwenyewe anaweza kulizuia lisikue. Aoshe mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, aukaushe vizuri hasa baina ya vidole, atibu kila ufa na mchubuko, avae viatu, aunyanyue mguu anapokaa, na achezeshe kifundo ili maji yapande. Ndugu zetu wakata mwani, ambao miguu yao huchanjwa na mawe na kombe, walizingatie hilo zaidi. Mashambulio yakipungua, makovu hayaongezeki. Sabuni ya kufulia ya kawaida inatosha.

Niongeze kwa ufupi kwamba shinikizo la damu na kisukari hufuata kanuni ileile. Huharibu kuta za mishipa midogo polepole bila maumivu. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni 1, na kilichokufa hakioti tena. Anayesubiri kuumwa ndipo apime, anasubiri ghala liungue ndipo anunue ndoo.

MAMBO YA KUTEKELEZA

Ndugu Makatibu, napendekeza mambo haya yaingizwe katika ajenda ya mikutano yenu ijayo:

1. Siku ya kugawa dawa au ya kupima watoto itangazwe ghalani mapema, na kazi ya kupokea mazao isipangwe siku hiyo.

2. Viongozi wa kamati wameze dawa hadharani wakiwa wa kwanza, isipokuwa wale ambao mganga amewazuia.

3. Kila chama kikague mashimo ya vyoo vya ofisi na ghala, na kufukia au kufunika yaliyo na maji. Vifuu na makumbi viondolewe au vilazwe kifudifudi kabla ya masika.

4. Mwanachama asiyeonekana mikutanoni atembelewe nyumbani na mtu wa rika lake kabla jina lake halijajadiliwa. Kwa mwanamke aende mwanamke.

5. Kamati zitafute njia halali, kwa kibali cha mkutano mkuu, ya kumkopesha nauli ya hospitali mwanachama anayekwenda kupasuliwa, na mkopo huo uandikwe kama mikopo mingine.

Jambo la tano nitalikagua nikija, na stakabadhi nitazitaka. Jambo la nne halina stakabadhi, nami naliacha kwenye dhamana yenu.

Mwenye swali ambalo hataki kuliuliza mbele za watu, nitakuwa chini ya mwembe wa ofisi mpaka adhuhuri.